Wanaotibu kwa Masikio: Nasaha za Makanisa ya Nakuru

Mtu wa pwani asikiapo jina la Nakuru hufikiria viazi, maziwa na baridi. Wasafiri wa basi la usiku waendao Kisumu au Kampala huujua mji huo kuwa ni mahali pa kushuka kunyoosha miguu, wakanywa chai ya haraka hali wamejitanda leso na makoti. Mwenye bahati ya kupita mchana huliona Ziwa Nakuru kwa mbali na ndege wake wa heroe, na juu ya mji huuona ukingo wa Menengai, mlima uliobomoka katikati ukawa shimo kubwa. Mji wenyewe ni mtoto wa reli iliyoanzia kwetu Mombasa. Reli ilifika hapo mwaka 1900, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji.

Iko Nakuru nyingine ambayo haionekani kwenye dirisha la basi. Hiyo ni Nakuru ya watu wanaoamka asubuhi wakanunua kabeji kwa jirani ambaye wanajua, au wanashuku, kwamba nduguye ndiye aliyeshika kiberiti. Husalimiana, huulizana hali ya watoto, na kila mmoja hurudi kwake na lake moyoni.

Mimi nimefika huko mara nyingi kwa sababu za udugu, kwani mtaa wa Bondeni una Waislamu wa tangu zamani na baadhi yao ni watu wetu. Katika safari za karibuni nilijitia katika jambo ambalo huenda likaonekana si la Muislamu wa pwani. Nilikwenda kuitazama kazi ya ushauri nasaha inayofanywa na makanisa, kazi ya kutuliza nyoyo zilizovunjika na kuziunga nyumba zilizopasuka. Mengi niliyoyaona yanatuhusu na mengine hayatuhusu, na ni vyema msomaji ajue lipi ni lipi.

CHANZO CHA MAJERAHA

Mkoloni alizitwaa nyanda za kati za Bonde la Ufa kutoka kwa Wamaasai na Wakalenjin, akazigawa mashamba makubwa, kisha akaleta vibarua, wengi wao Wakikuyu, wamlimie. Baada ya uhuru mashamba yale yakauzwa kwa vyama na makampuni ya kununua ardhi, na serikali nayo ikawakalisha watu katika makazi mapya. Ndivyo watu wa makabila mbalimbali walivyojikuta wamepakana ua kwa ua, na kila mmoja ana hadithi yake ya nani mwenyewe na nani mgeni. Hadithi hizo zililala kwa miaka mingi. Siasa za vyama vingi ziliporudi mwaka 1991 wanasiasa wakaziamsha.

Mwaka 1992 nyumba zilichomwa Molo na Olenguruone. Januari 1998, uchaguzi ukiwa umepita tu, ikawa zamu ya Njoro. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ukaja ule moto ambao ulimwengu mzima uliuona. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na kati yao 744 walikuwa wa Bonde la Ufa. Mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziligeuka uwanja wa mapanga. Maelfu ya watu walihemewa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru na katika Uwanja wa Afraha, jina ambalo kwa sikio la mtu wa pwani lina furaha ndani yake.

Tusidhani kwamba hayo ni ya bara peke yake. Hesabu hiyo hiyo ya Waki ina maiti 27 wa Pwani. Na nani kwetu aliyesahau Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa, silaha zikachukuliwa, na maelfu ya watu wa kutoka bara wakakimbilia kanisa Katoliki la pale pale Likoni? Wengi wao walikuwa jirani zetu. Wengine hawakurudi tena, na sisi hatukuuliza sana walikokwenda. Baadhi yao wako Nakuru hadi leo, na wakikusikia unasema Kiswahili cha Mvita hunyamaza kidogo kwanza, wakakutazama, kisha ndipo wakaitikia salamu.

MAKANISA YALIVYOINGIA

Makanisa hayakuanza na nasaha. Yalianza na blanketi na uji. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Nakuru tangu mwaka 1971 hadi 1996, alijulikana nchi nzima kwa namna alivyosimama mwanzoni mwa miaka ya 1990 akasema wazi kwamba fujo zile hazikuwa ugomvi wa kawaida wa makabila, na viwanja vya makanisa vikajaa waliofukuzwa makwao. Wakati huo mtu akishapewa mahali pa kulala na neno la sala, ilihesabiwa kuwa ametibiwa.

Mwaka 2008 hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa makanisa yenyewe yalikuwa yameingia doa. Viongozi wengi walikuwa wameegemea upande wa makabila yao wakati wa kampeni, na waumini waliwasikia. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri jambo hilo hadharani mwaka huo huo. Nalitaja kwa heshima, maana si kila siku watu wa dini hukiri mbele ya watu. Lakini jiweke mahali pa mama aliyekaa hemani, amempoteza mume, na anayemjia kumpa nasaha ni mchungaji aliyemsikia kwa masikio yake akilisifu kabila la waliomuua. Nasaha hiyo ataipokea kwa moyo gani?

Ndipo baadhi yao walipotambua kwamba kuhubiri hakutoshi, na kwamba mwenye jeraha kwanza anahitaji kusikizwa. Elimu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2004 Paulines, wachapishaji wa Kikatoliki wa Nairobi, walitoa kitabu cha Margaret Hill, Harriet Hill na wenzao juu ya namna kanisa liwezavyo kusaidia kuponya majeraha ya kiwewe. Walikiandaa kutokana na kazi yao katika nchi za Afrika zilizopigwa na vita, na tangu hapo kimefasiriwa katika lugha nyingi. Na mwanasaikolojia Mkenya, Gladys Mwiti, aliyeanzisha kituo cha Oasis Nairobi mwaka 1990, aliandika pamoja na Mmarekani Al Dueck kitabu kilichotoka mwaka 2006. Humo walitetea kwamba nasaha ya Kikristo katika Afrika haina budi kusimama juu ya misingi ya Kiafrika: ukoo, wazee, methali na jando, badala ya kuletwa nzima nzima kutoka ng'ambo.

Si Wakristo wote waliokubali. Huko Marekani Jay Adams alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1970 kwamba mchungaji na Biblia yake wanatosha, na elimu ya nafsi ya wataalamu haina haja. Wafuasi wa fikira hiyo wapo Nakuru hata leo. Kwao mtu mwenye huzuni isiyokwisha ama ana dhambi aliyoificha, ama ana pepo, na dawa yake ni kufunga na kuombewa kwa sauti kubwa. Msomaji wangu asicheke. Na sisi tunao wa kwetu, ambao kila anayelia bila sababu humpeleka kupungwa.

MASWALI MATATU

Chumba nilichokaribishwa kiko nyuma ya kanisa moja la mjini, nami sitalitaja. Kina viti vinne vya mbao, meza yenye birika la maji, na dirisha lililotiwa pazia zito. Mwenye kukishughulikia ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye watu wote humwita Mwalimu. Nilipomwuliza Mwalimu kazi yake hasa ni nini, alinijibu kwamba ni kunyamaza, na kwamba kwa mtu aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi hiyo si kazi nyepesi.

Njia yao ni rahisi kuieleza. Anayekuja huulizwa mambo matatu kwa utaratibu: lilitokea nini, alilipotokea moyo wake ulihisi nini, na katika yote hayo ni lipi lililomlemea kuliko mengine. Basi. Msikilizaji hakati maneno wala hatoi hadithi yake mwenyewe, na hasemi kwamba Mungu alikuwa na sababu zake. Hilo la mwisho Mwalimu alilikazia sana. Alisema maneno ya kumtetea Mungu mbele ya mfiwa humfunga mfiwa mdomo, na mfiwa aliyefungwa mdomo huenda kuufungulia nyumbani, kwa watoto.

Lile swali la tatu ndilo lenye maajabu. Mtu huweza kuhadithia kuchomewa nyumba na kuuawa kwa ng'ombe bila kutikisika, na ukimwuliza lililomlemea zaidi akakutajia jambo dogo ambalo wewe usingelifikiria. Bibi mmoja aliyepoteza kila kitu alisema kilichomchoma hadi leo ni kwamba jirani aliyemfukuza alimwita kwa jina lake la utotoni.

Baada ya kusikizwa huja maombolezo. Wao hufuata mfano wa Zaburi, ambazo nyingi ni malalamiko ya wazi mbele ya Mwenyezi Mungu, na mtu hufundishwa kutunga yake kwa lugha ya mamaye. Sisi Zaburi twaijua kuwa ni kitabu cha Nabii Daud, kwa hiyo hapo hatuko mbali sana. Tunapoachana ni katika hatua ifuatayo. Katika mafunzo yao kila mtu huandika maumivu yake katika kipande cha karatasi, akakipeleka mbele ya msalaba, na karatasi zote zikachomwa, kuwa ishara kwamba Yesu ameubeba mzigo ule. Kwetu hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine, na Muislamu hawezi kuingia katika ibada hiyo. Nilimwambia Mwalimu hivyo, naye hakuudhika. Aliniambia kikundi chake kimeacha kuchoma kwa sababu nyingine kabisa: siku moja moshi ulipopanda, mama mmoja alitoka mbio hadi barabarani. Tangu siku hiyo wanazifukia karatasi chini ya mti wa parachichi.

SHILINGI ELFU KUMI

Nilidhani kazi ya chumba kile itakuwa ni habari za mapanga. Kumbe mengi yaletwayo ni ya mke na mume. Fujo hupita katika siku chache, na nyumba huendelea kupigana miaka ishirini.

Nitasimulia kisa kimoja ambacho Mwalimu alinisimulia kwa idhini ya wenyewe, nami nimekibadilisha mahali na mengine ili wasitambulikane. Mume alikuwa na kinu cha kusaga unga katika kituo kidogo upande wa Molo. Mwaka 2008 walikimbia na watoto wanne, wakakaa hemani Nakuru. Mwezi Mei serikali ilipoanza ile Operesheni Rudi Nyumbani, kila jamaa iliyokubali kurudi iliahidiwa shilingi elfu kumi za kuanzia maisha, na elfu ishirini na tano kwa aliyechomewa nyumba. Mume alizipokea zile elfu kumi, akaondoka asubuhi, akarudi baada ya siku tatu bila kitu. Mke hakuuliza. Mume hakusema.

Hawakurudi shambani. Walipanga chumba mjini, mke akauza maharagwe ya kuchemsha, mume akafanya vibarua vya mjengo. Akawa mtu wa kimya. Kila uchaguzi ulipokaribia alikesha mlangoni na panga magotini. Mke akicheka na majirani alikasirika, na baadaye akaanza kupiga. Mke alikwenda kwa mchungaji wake wa wakati huo, akaambiwa atii, afunge siku saba, amwombee mume. Alifunga. Siku ya tano alivunjwa mkono.

Alipofika kwa Mwalimu, Mwalimu hakuwaita wote wawili wakae pamoja. Hiyo ni kanuni ambayo wenye elimu hii hawaivunji: penye kipigo hapana kikao cha pamoja mpaka anayepigwa awe salama, kwa sababu atakayoyasema mbele ya mumewe mchana atayalipia usiku. Mke alipelekwa kwa dadake. Alielezwa pia kwamba tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kuzuia jeuri za nyumbani, na kwamba mahakama yaweza kumwekea amri ya kumlinda. Mume alikuja peke yake baada ya miezi, kwa kuwa watoto walikuwa wamekataa kusema naye.

Ilikuwa katika swali la tatu. Alipoulizwa lililomlemea zaidi hakutaja kinu kuibwa, wala hema, wala nduguye aliyeuawa. Alitaja zile elfu kumi. Alikuwa amesikia injini ya kinu chake iko kwa mtu anayemjua, akaenda kuinunua, yaani kununua mali yake mwenyewe kwa aliyeiiba. Mtu yule alizihesabu pesa, akaziweka mfukoni, akamwuliza kama ana shahidi. Alirudi kwa miguu. Na katika miaka yote hiyo alichokiogopa ni mkewe kujua kwamba aliibiwa mara mbili na mtu yule yule.

Mke alipoambiwa, baadaye sana, kwa ridhaa ya mume, alisema yeye alidhani pesa zile zililiwa na mwanamke mwingine, na kwamba kila sahani ya maharagwe aliyoiuza aliiuza kwa uchungu huo. Sitaki msomaji adhani hapo ndipo walipokumbatiana. Walikaa mbali mwaka mwingine mzima. Sasa wanaishi pamoja, na Mwalimu bado humwuliza mke faraghani, kila mara, kama mkono umeinuliwa tena.

SWALA LA KUSAMEHE

Hapa kuna jambo ambalo Wakristo wenyewe wanabishana, na naona ni haki nilitaje. Dini yao imewaamrisha kusamehe, na wako wahubiri waliokwenda makambini mwaka ule ule wa 2008, majivu hayajapoa, wakawataka watu washikane mikono. Watu wakashikana. Wengi walioshikana mikono hawakuwa wamesamehe chochote. Walichoka tu, au waliogopa kuonekana wabaya mbele ya mgeni mwenye kipaza sauti.

Washauri waliojifunza vyema hufundisha kinyume cha haraka hiyo. Kwao kusamehe si kusema kwamba jambo halikuwa ovu, si kusahau, wala hakumwondolei mkosaji adhabu ya sheria. Huja baada ya kuomboleza, na huweza kuchukua miaka. Mwaka 2012 wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin wa Nakuru, baada ya vikao vya muda mrefu, walitia sahihi mapatano ya amani, na uchaguzi wa 2013 ukapita katika kaunti hiyo bila yale ya nyuma. Hilo ni jema kubwa. Lakini nimewasikia watu wakisema wazee walisameheana ng'ombe ambao si wao. Aliyepoteza shamba bado hana shamba.

Sisi hapo tuna mlango mwingine, na sioni haya kusema naupenda zaidi. Uislamu umemwachia aliyedhulumiwa haki yake mkononi mwake: akitaka atalipiwa, akitaka atapokea fidia, na akisamehe ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Msamaha unaotolewa na mtu ambaye angeweza kuidai haki yake ni kitu kingine kabisa. Nilipomweleza Mwalimu haya alikaa kimya kidogo, akasema kwamba shida ya Molo ni kuwa hakuna aliyewahi kupewa uwezo huo wa kudai, ndipo asamehe.

NA SISI JE?

Neno lenyewe, nasaha, ni letu, na Mtume (S.A.W.) aliipa daraja kubwa hata akaifanya ndiyo dini. Basi kwa nini mwanamke wa Kiislamu wa Bondeni mwenye dhiki ya nyumbani aende nyuma ya kanisa? Maana wapo wanaokwenda. Mwalimu hakunitajia mtu, lakini buibui nimeliona mwenyewe mlangoni. Nilimwuliza shangazi yangu wa pale kama jambo hilo laelekea. Alikuwa akipepeta mchele, wala hakuinua uso.

"Mwanangu, masikio yana dini?" akasema. "Akienda kwetu ataambiwa subiri. Amesubiri."

Nimelifikiri sana neno hilo. Subira ni nusu ya imani yetu, lakini tumeifanya kizibo. Kila mwenye kuonewa tunamziba nayo. Tuitazame Suratul Mujadila, inayotokana na mwanamke aliyemjia Mtume kumshitakia mumewe, na Mwenyezi Mungu akayasikia majadiliano yao na kuteremsha hukumu. Mwanamke yule hakurudishwa na kizibo. Tumtazame Nabii Yaaqub, ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe. Watu husema: lakini Yaaqub alimshitakia Mungu peke yake. Ni kweli, na hata hivyo wanawe walimsikia akiomboleza, na Qurani ikatuhadithia kilio chake wala haikumlaumu. Na Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba wake.

Elimu ya mambo haya nayo haikuanza Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi pamoja. Humo alitenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake, na akaeleza hofu, hasira na wasiwasi namna vinavyotibika kwa fikira na kwa mazungumzo mema. Aliyemtangaza tena katika zama zetu ni Msudani, Profesa Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021. Huyo mwaka 1975 aliwaonya wanasaikolojia wa Kiislamu wasiwafuate wenzao wa Magharibi hadi ndani ya shimo la kenge, kwa kuashiria hadithi maarufu ya Mtume, na mwaka 1979 akatoa kitabu juu ya mkwamo wao huo. Onyo lake halikuwa tusijifunze. Alitaka tuchukue tukiwa na macho.

Tukiwa na macho basi, ni nini cha kuchukuliwa Nakuru? Msalaba si wetu. Kuogopa talaka kupita kiasi, hata mtu akafia ndani ya ndoa, si kwetu pia, ingawa kwetu nako talaka, ambayo ni halali yenye kuchukiwa, hutamkwa siku hizi kama mtu anayeagiza kahawa. Lakini Wakatoliki hawamfungishi mtu ndoa mpaka amehudhuria mafundisho, mume na mke pamoja, ya wiki nyingi: pesa, wakwe, watoto, hasira. Kwetu msichana ana somo wake wa kumfunda. Mvulana anafundwa na nani? Ananunuliwa kanzu na joho, anapigwa picha, anaingizwa chumbani.

Na hakamu wawili waliotajwa katika Suratun Nisaa, mmoja wa watu wa mume na mmoja wa watu wa mke, wamewekwa kwa ajili ya kuogopa mpasuko, kabla haujatokea. Sisi tunawatafuta baada ya karatasi kuandikwa. Mara nyingi kadhi huletewa maiti ya ndoa, akatakiwa aifufue. Hakamu wawili wenye kujua kusikiliza, wanaojua kwamba penye kipigo mke hasemezwi mbele ya mume, wangepunguza kesi za kadhi kuliko sheria yoyote.

Nisiwapambe mno wale wa Nakuru. Wengi wa washauri wao ni wa kujitolea, waliofunzwa siku chache. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayotaka mwenye kazi hiyo asajiliwe. Vyuo vya huko huko, Egerton kule Njoro na Kabarak cha Wakristo, hufundisha elimu hiyo hadi shahada, na hata hivyo ukienda vijijini utamkuta aliyehudhuria semina moja anajiita daktari wa nyoyo. Mwalimu mwenyewe ana mpaka wake. Mtu asiyelala wiki nzima, anayesikia sauti, au anayetaja kujiua, humpeleka hospitali siku hiyo hiyo, akifuatana naye. Na siri ndiyo roho ya kazi yote. Aliniambia kanisa jingine lilipata chumba kizuri kuliko chake na mshauri mwenye shahada, likafungwa kwa kukosa watu katika muda wa miezi minne, kwa kuwa yaliyosemwa Jumatano yalisikika katika mahubiri ya Jumapili.

Shangazi yangu na wenzake wawili wa Bondeni wamekwisha kumwendea Mwalimu, wamejifunza yale maswali matatu, na wameomba chumba kimoja cha madrasa baada ya watoto kutoka. Wamekubaliwa Jumanne kwa wanawake na Alhamisi kwa wanaume, na wamempata mzee mmoja, fundi cherehani, atakayewasikiliza wanaume. Nilipoondoka ilikuwa wiki ya sita. Jumanne wanawake walikuwa wakingojea hadi barazani. Alhamisi mzee alikuwa akija na cherehani yake, akishona suruali za watu mpaka Magharibi.